Jani la Isale Mlangoni mwa Pikapu

Mama, shikamoo.

Huku Kibosho mvua haikatiki. Jana nilimwonyesha Shangazi nilivyoigeuza pikapu kuwa nyumba ya safari: kitanda, jiko la gesi, taa za sola. Nikajisifu kwamba sina haja na kitanda cha mtu, nikalala humo humo, uani kwake.

Asubuhi nafungua mlango, namkuta amesimama kwenye matope, ameshika jani la isale, lile la kuombea msamaha.

"Mwanangu, kama nilikukosea, nisamehe. Chumba nilikutandikia."

Mtu mzima yule, ananiomba mimi. Mtori wake, ile supu ya ndizi, nimekunywa nikiangalia chini.

Leo nalala ndani. Pikapu itanyeshewa peke yake.

Nakukumbuka sana, Mama. Baba usimwambie; ni dada yake.

Mwanao