Kifundo Kilichoteguka

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kazini. Sisi hatujambo, isipokuwa mguu wangu wa kushoto. Jumatatu uliteguka kwenye kifundo ukavimba kama kiazi.

Shangazi alikimbilia birika. Alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikaona nyota, na asubuhi uvimbe ulikuwa umezidi. Kliniki, muuguzi alimwambia, "Dada yangu, mguu ukiteguka, siku za mwanzo ni barafu."

"Barafu ni ya juisi," akajibu Shangazi. Lakini jioni aliniletea, ameifunga vizuri kwenye taulo.

Mfupa haujavunjika, ni kano zilizovutika. Nimefungwa bendeji, na mguu unalala juu ya mito miwili kama mgeni wa heshima. Mchana kutwa natazama mwanga wa dirishani ukitembea darini polepole, nami naenda nao, sijui wapi.

Mama anadhani niliteleza kwenye ngazi za shule. Ukweli ni kwamba nilimwona mtu akishuka kwenye basi. Kwa miaka miwili sijaona mabega yanayofanana na yako namna ile. Niliruka mtaro nikimkimbilia, bila kutazama chini. Alipogeuka, hakuwa wewe.

Muuguzi amesema nisikimbie kwa wiki sita. Kwa hiyo, Baba, ukija kabla ya hapo, usinitafute kituoni. Njoo mpaka mlangoni, nitakufungulia mwenyewe.

Anayekungoja,
Binti yako