Magunia ya Kamukuywa

Jumatatu, 3 Novemba
Nimeanika nguo, nimelisha kuku, nimepiga simu ya mashine ya kupukucha mahindi. Mwenye trekta anasema atafika Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Nikakubali. Nikakata simu.

Mume wangu, Baba Nekesa, hawezi ile mashine. Ikinguruma tu, jasho linamtoka na mikono inatetemeka. Ni hivyo tangu arudi kutoka Somalia na kustaafu jeshi. Kila mwaka siku ya mashine anaamka mapema, anavaa koti, anatoweka. Nami nawaambia majirani ati ameenda soko la Kamukuywa kutafuta magunia. Miaka minne sasa. Mwalimu mzima, nasimama mbele ya watu nadanganya.

Mwaka juzi alirudi jioni. Mwaka jana alirudi siku ya pili, na hakusema alilala wapi. Mwaka huu naogopa hatarudi. Nimeandika. Basi.

Jumatano, 5 Novemba
Binti yetu Nekesa amepiga simu kutoka chuoni, Bungoma. Yeye na wenzake wataonyesha filamu Ijumaa ya wiki ijayo, ya wanajeshi waliostaafu na yale wanayobeba akilini. Washauri watakuwepo, anayetaka kuongea ataongea. Anataka Baba aje. Nikamwambia amwambie mwenyewe. Si ni babake?

Alimwambia. Baba Nekesa akasema "Nitaona," akaenda kukata nyasi ya ng'ombe. Hiyo "Nitaona" naijua. Ni hapana iliyovaa tai.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimefagia stoo. Mabunda matatu ya magunia mapya, hayajafunguliwa! Mwaka wa kwanza alirudi mikono mitupu. Tangu hapo, kila akitoweka anarudi na magunia, na ya zamani bado mazima. Yamenisaidia kwa uongo wangu, sikatai. Lakini panya wamefanya hoteli humo. Nimemgombeza kila mwaka na hasikii. Nimenuna peke yangu mpaka saa nane.

Jirani yangu Mama Njeri alipita kuazima ungo. Ati, "Mwalimu, na mwaka huu Sajini ataenda Kamukuywa? Huko kuna nini, bana?" Akacheka. Nikacheka pia. Nilitamani ardhi inimeze. Wanadhani anakwepa kazi. Kazi! Mtu aliyepalilia shamba lote kwa mikono yake.

Jumatatu, 10 Novemba
Hajasema lolote kuhusu Bungoma. Nimepika kuku. Bado hajasema. Nina hasira naye na ninamhurumia, vyote kwa saa moja.

Alhamisi, 13 Novemba
Leo amepiga pasi shati jeupe. Mwenyewe. Sikuuliza, niliogopa kuharibu. Nikaenda jikoni nikalia kidogo, kisha nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Ijumaa, 14 Novemba
Bungoma, chumbani kwa Nekesa. Lazima niandike yote kabla sijachanganya.

Tulifika saa saba. Nekesa alikuwa amepanga vizuri: viti vyetu karibu na mlango, taa za pembeni zisizimwe, sauti za milipuko wamezitoa zote. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana akili. Kumbe wenzake wameleta mashine ya bisi, wameiweka pale pale mlangoni! Tulipobakisha hatua chache ikaanza. Pa! Pa-pa! Baba Nekesa akageuka, akaenda. Nikajua ndiyo basi.

Nilimfuata nyuma ya ukumbi. Nikakuta wanaume wengine wanne wameegemea ukuta, viatu vinang'aa, kila mmoja ameweka simu sikioni. Hakuna aliyekuwa anaongea na mtu. Baba Nekesa akawatazama. Akatoa yake pia, akaiweka sikioni. Mmoja wao akamwuliza, "Bisi?" Akajibu, "Bisi." Woi, walivyocheka, watu wazima na mvi zao! Mimi nilicheka na machozi yananitoka.

Nekesa alikuja mbio, analia, anaomba msamaha. Mashine ilikuwa imeshazimwa. Wale watano wakaingia pamoja, wakaketi mstari mmoja.

Filamu haikuwa ndefu. Watu wameketi nyumbani kwao, wanasema. Mke mmoja akasema mumewe akishindwa kutoka nyumbani, yeye huwaambia watu wa kanisa ana malaria. Nilihisi kila mtu ananitazama mimi, na humo hakuna hata aliyenijua.

Baadaye wakauliza nani ana la kusema. Nikasimama. Sikupanga, miguu ilisimama yenyewe. Nikasema nimedanganya watu miaka minne kwamba mume wangu yuko Kamukuywa kutafuta magunia. Nikasema nilimwonea aibu. Nikaketi, sikuweza kumwangalia.

Baba Nekesa hakusimama. Alisema hapo alipoketi, polepole, "Nilijua. Mwaka wa kwanza Mama Njeri aliniuliza magunia yako wapi. Kwa hivyo mwaka uliofuata nikaenda Kamukuywa kweli. Nanunua nirudi nayo, usionekane mwongo."

Yale mabunda matatu. Na jinsi nilivyokuwa nikimgombeza! Nimejionea haya, na nimempenda, hata sijui nianzie wapi.

Jumamosi, 15 Novemba
Asubuhi, kabla hatujatoka Bungoma, alimpigia mwenye trekta. Akamwambia asije. Akamwambia na sababu! Nilikuwa navaa kiatu, nikabaki hivyo hivyo na mguu mmoja peku.

Tulipofika nyumbani Kitale nilimwuliza alilala wapi mwaka jana. Akasema hakulala. Aliketi stendi ya Kamukuywa mpaka kukakucha, magunia mapajani, anaogopa akirudi ataikuta mashine haijaondoka. Nilimwambia pole. Akasema pole na wewe.

Mmoja wa wale washauri atamwona Jumanne. Ameandika kwenye kalenda kwa mkono wake, akapigia mstari.

Jumanne, 18 Novemba
Ameenda, amerudi. Hakunieleza waliyoongea, nami sikumchimba. Amekula ugali mara mbili.

Jumamosi, 22 Novemba
Tunapukucha kwa mkono. Vidole vinawaka moto. Kwa mwendo huu tutafika Krismasi tukiwa bado hapa.

Mama Njeri alikuja na kigoda chake bila kuitwa. Juzi Baba Nekesa alimweleza mwenyewe, wamesimama kwenye ua, mimi nikichungulia dirishani. Leo hakumtania. Alifanya kazi saa nzima kimya, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akashindwa kujizuia, akauliza kama haya magunia ndiyo yale. Baba Nekesa akasema ndiyo hayo. Mama Njeri akamshikia mdomo wa gunia, yeye akamimina.

Tumejaza moja na nusu. Nimepika chai, tumekunywa na viazi vitamu. Watu wawili watatu walipita njiani wakasalimia, wakaenda zao. Hakuna aliyeniuliza Sajini yuko wapi. Alikuwa hapo, amevua koti, magunzi yamemfika magotini.