Thermostati ya Vifaranga

Jumatatu, 10 Julai 1995
Sanduku limepitiliza joto tena. Balbu hazizimiki. Deo, mwenzangu wa darasa, anasema tuanze kuoka mikate humo. Nimecheka, ila sina raha. Tumeletwa hospitali hii ya misheni, juu ya Mkuyuni, kwa utafiti wa mhadhiri wetu: sanduku la mbao na balbu, la kuwatunzia joto watoto njiti, litengenezwe hapa hapa nchini. Sista Benedikta, mkuu wa wodi ya wazazi, amesema mtoto haingii humo mpaka joto litulie mchana na usiku. Ana haki.

Jumatano, 12 Julai
Nimeshuka mjini. Maduka siku hizi yamefurika: redio, feni, viatu vya Dubai. Thermostati, kile kidude cha kuzima taa joto likitosha, hakuna. Muuza redio kanielekeza mtaa wa Mafiga, kwa Mama Tesha, karani wa serikali anayetotolesha vifaranga kwa mashine uani. Kila mtumishi sasa ana mradi. Shikamoo, maji ya kunywa, kisha nikaeleza shida. Alikuwa nayo moja ya akiba. Akaigeuzageuza mkononi.
“Ya kuku itamfaa binadamu?”
Nikamwambia inarekebishika, nitaishusha kidogo. Akanipa. Na mayai juu yake. Nampenda mama huyu.

Alhamisi, 13 Julai
Imefungwa. Inazima. Inawasha. Inazima. Deo kacheza ngoma katikati ya wodi, Sista akamtoa nje.

Ijumaa, 14 Julai
Jaribio halijaisha. Alfajiri Skolastika, mkulima wa kabichi huko mlimani, amejifungua binti kabla ya wakati. Kadogo mno. Miguu ya baridi. Blanketi hazisaidii. Sista akasimama mbele ya sanduku, akasoma kipimajoto, akanigeukia.
“Angekuwa wako, ungemweka?”
Nikasema ndiyo, na sitabanduka hapa. Amemweka. Naogopa. Hakuna mtihani ulionitisha hivi.

Jumapili, 16 Julai
Umeme umekatika katikati ya misa. Majani yameziba mtambo wa misheni wa kufua umeme kwa maji, kule mtoni. Wanaume wakateremka kuuzibua. Mimi na Deo mbio wodini. Tumejaza maji ya moto kwenye chupa tupu za dripu, Skolastika akazifunga kwa vipande vya kanga yake, tukazipanga pembeni mwa mtoto. Kwaya inaimba, sisi tunabadilisha chupa. Joto likashuka kidogo, likagoma hapo. Mchana taa zikawaka. Mtoto kalala muda wote, hana habari.
Sista katuletea wali kuku. Deo akasali kuwashukuru kuku kwa mchango wao katika uhandisi. Sista kacheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi, 5 Agosti
Mabegi tayari. Mtoto ametoka sandukuni jana, joto lake sasa analitunza mwenyewe. Ana mashavu.
Nilipokwenda kuaga, Skolastika alikuwa na ndoo, anakwenda kuoga.
“Dada, nishikie mtoto.”
Nimempima asubuhi na jioni. Nimemchungulia kupitia kioo cha sanduku mpaka nikamwota. Kumbe sijawahi kumbeba. Nikakaa kwenye benchi la nje, juani. Akapiga miayo, akanishika kidole. Mama yake alikawia kurudi. Sikumwita.