Mpira Ulikuwa Ndani

Jumapili, saa tisa mchana. Upepo wa ziwa unaingiza vumbi mpaka chumbani, na sina nguvu ya kulipangusa. Tangu jana chakula hakipiti. Kioo nimekigeuzia ukutani.

Nimechukizwa na watu wazima, nimechukizwa na tenisi, na zaidi ya yote nimechukizwa na mimi mwenyewe.

Mnaosoma hapa kwenye blogu yangu mnajua kwamba nayafuata mashindano manne makubwa ya mwaka kama watu wengine wanavyofuata misa. Melbourne, ambako wanacheza sisi tukiwa tumelala. Paris na udongo wake mwekundu, London na majani yake, New York na kelele zake. Mabingwa nawatambua hata bila kuona uso, kwa namna wanavyodundisha mpira kabla ya kuanzisha. Lakini mbele ya watu mimi sichezi. Naona haya. Shuleni, mpaka mwaka huu nilipomaliza, mwalimu alikuwa anakuja kusoma jibu langu kwenye daftari kwa sababu alijua sitalisema.

Kwa hiyo klabu yetu hapa Uvira iliponiomba niwe mtu wa kuangalia mstari kwenye fainali ya wasichana, nilifurahi. Kazi ya kutazama na kuinua mkono mpira ukitoka nje. Hakuna kusema.

Fainali ilikuwa jana asubuhi. Mshindi anakwenda Bukavu, ambako wanachagua wasichana wa timu ya mkoa. Upande mmoja alikuwa Huguette, binti wa rais wa klabu. Upande wa pili Nabintu, msichana wa Sange, umri wangu, aliyejifunza kwa kupiga mpira kwenye ukuta wa ghala la mpunga. Alikuja na mama yake juu ya pikipiki moja, raketi imefungwa kwa kitambaa.

Na kwenye kiti cha mwamuzi alikaa nani? Papa Prezida mwenyewe. Baba anaamua fainali ya mtoto wake! Watu walicheka kidogo, wakasema yeye ndiye anayejua sheria. Mimi nikaenda kusimama kwenye mstari wangu.

Mistari yenyewe ilikuwa aibu. Chokaa ya klabu ilikwisha kwa kupaka ukuta wa duka la dawa la Papa Prezida, basi akaagiza mistari ichorwe kwa unga wa muhogo. Mama mmoja nyuma ya wavu wa uzio alipiga kelele: "Eh! Bugali ya batu munamwanga chini?" Kuku wa jirani walikuja kudonoa kona yote ya kushoto, tukawafukuza, tukachora tena. Nilicheka. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho cha jana.

Vijana wa hapa walianza kumchokoza Nabintu tangu mpira wa kwanza. "Weye wa mupunga! Hapa si kufukuza ndege!"

Akajibu bila kugeuka: "Ndege njo nyinye. Niko nawafukuza leo."

Na kweli aliwafukuza. Huguette ana viatu vizuri na mwalimu wa kulipwa, lakini Nabintu ana mkono. Seti ya kwanza ya Huguette, ya pili ya Nabintu. Ya tatu, Nabintu akafika tano kwa nne, karante kwa trente, yaani arobaini kwa thelathini. Pointi moja tu na Bukavu ni yake.

Alipiga mpira ukapita kando ya Huguette, ukashuka kwenye mstari wangu. Niliona unga ukiruka. Sikudhani, niliuona. Mpira ukabingirika mpaka kwenye mguu wangu, na ulikuwa na doa jeupe kama mtu ameubusu.

Papa Prezida akaniangalia kutoka juu. Hakuniuliza niliona nini. Alisema: "Furaha, iko inje, si njo?"

Niliokota mpira. Nikaupangusa kwenye sketi yangu. Nikainua mkono.

Nje.

Naandika polepole ili nisijifiche. Ni mimi niliyeupangusa. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Papa Prezida aliniahidi kwamba baada ya mtihani wa serikali nitaingia dukani kwake kujifunza kazi ya dawa, na hilo lilikuwa kichwani mwangu, sitadanganya. Lakini kulikuwa na kitu kidogo zaidi, na ndicho kinachonitia kinyaa. Kusema "ndani" kungekuwa kusema neno, kwa sauti, watu wote wakiniangalia. Kudanganya kulihitaji mkono tu.

Nabintu alikuja mpaka kwangu. "Lete ule mpira. Iko na unga."

Nikampa. Ulikuwa safi.

Aliugeuza mara mbili, akarudi kucheza. Huguette akachukua ile gemu, akachukua mbili zilizofuata. Kwisha. Watu wakampigia makofi binti wa rais, na rais akajipigia mwenyewe.

Mwishoni Nabintu alifanya kama wanavyofanya mabingwa kwenye televisheni. Alimpa Huguette mkono. Alimpa mwamuzi mkono. Halafu akaja kunipa mimi, mtu wa mstari, ambaye hata kwenye mashindano makubwa hakuna anayemkumbuka. Aliangalia chini, kwenye sketi yangu ya shule, ile ya buluu. Akasema kwa sauti ya chini, karibu kwa upole:

"Jikungute, dada. Sketi yako iko na unga."

Akaenda kupanda pikipiki nyuma ya mama yake.

Jioni nilikwenda kwa jirani kuangalia fainali ya wanawake ya London. Mwaka mzima nilikuwa naingoja. Bingwa alipiga magoti kwenye majani, akalia, majirani wote wakapiga vigelegele, na mimi nilitoka nje kabla hajapewa kombe. Siku hizi London hawana tena watu wa mistari, mashine ndiyo inayosema. Zamani niliwasikitikia wale watu waliopoteza kazi. Jana nilielewa kwa nini waliondolewa.

Paris bado mwamuzi anashuka kwenye kiti, anainama, anatafuta alama ya mpira kwenye udongo. Na nimeona zaidi ya mara moja mchezaji mwenyewe akifuta alama kwa kiatu chake kabla mwamuzi hajafika. Maana yake: usijisumbue, mpira wa mwenzangu ulikuwa ndani, pointi ni yake. Ni kitu kizuri kuliko vyote ninavyovijua katika mchezo huu.

Mimi pia nilifuta alama.

Mama aliniona sili. Nilimweleza yote. Alisema, "Mwanangu, ni muchezo tu. Na kazi utaipata wapi?" Nampenda mama, lakini jana sikuweza kumwangalia.

Leo baada ya ibada nilikwenda kwa Papa Prezida. Nilisimama mlangoni, sikuingia. Nilisema mpira ulikuwa ndani na kwamba nimekuja kurekebisha. Sauti yangu ilikuwa ya panya. Alikuwa anakula samaki. Hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi. Alifuta vidole, akacheka.

"Furaha, mutoto wangu. Nani alisema inje? Minye? Minye niliuliza tu. Weye njo uliinua mukono. Karatasi ya mechi iko na jina yako." Akachukua kipande kingine. "Kesho asubuhi naipeleka Bukavu. Weye pumzika. Mwezi kesho utaanza kazi."

Nilirudi kwa miguu mpaka nyumbani kwetu Kimanga, njia nzima nikirudia maneno yake. Kwa sababu alisema kweli. Alinisukuma, lakini jina ni langu na mkono ni wangu. Yule mtu mchafu, na samaki wake, amesema kweli kuhusu mimi.

Basi nimeandika karatasi nyingine, nakala mbili. Nimeeleza mstari, unga, sketi, kila kitu, na nimetia sahihi kwa jina langu lote. Moja nimeiacha kwa katibu wa klabu, aliyeipokea kwa vidole viwili kama kitu chenye ugonjwa. Ya pili nitawapelekea mwenyewe wale wa Bukavu wanaochagua timu. Kazi ya dukani imekwisha kabla ya kuanza. Mama hajajua. Akisoma hapa atajua.

Lakini karatasi ni mkono tena, na mkono wangu siuamini. Kuna mtu mmoja ambaye lazima nimwambie kwa mdomo, akiwa ananiangalia, na mama yake pia. Akikubali, tutaendelea pamoja mpaka Bukavu, barabara ni hiyo hiyo. Akinitemea mate, nitaendelea peke yangu.

Kesho alfajiri napanda pikipiki kwenda Sange. Sijui nyumba yao iko wapi. Nitasimama katikati ya soko na kuuliza kwa sauti.