Kumsubiri Mama

Jumanne, 12 Agosti

Likizo ndiyo kwanza imeanza na tayari nimechoka kupumzika. Baba amesafiri, nyumba iko kimya, kwa hiyo Mama amenichukua kazini kwake. Amesema afadhali nikae mbele ya macho yake kuliko mbele ya televisheni.

Chama chao kinatengeneza viti vya magurudumu na kuwapa watu wasioweza kununua. Jengo lilikuwa ghala la sabuni. Mvua ikinyesha, kuta bado zinanukia. Mama ni mkaguzi. Zamani alikuwa muuguzi katika wodi ya vidonda, akawaona watu walioumizwa na viti vibaya. Ndiyo maana hakuna kiti kinachotoka mlangoni kabla hajamkalisha mwenye kiti na kumkagua kwa mikono yake. Nyonga, mgongo, miguu. Hana haraka. Fundi, anayeviunda viti, anamwita Mama Polepole — akiwa hayupo, na akiwepo pia.

Leo amekuja mgeni. Dada mwenye miwani na mkoba uliojaa vikaratasi vya kubandika, vya rangi rangi. Kazi yake ni kusaidia vyama kama hiki kurekebisha utaratibu wao. Fundi akanong'ona kwamba watu wa aina hii huja kupunguza watu. Dada akasikia! Akasema yeye hupunguza kusubiri tu, watu huwaacha walipo. Nimempenda.

Jumatano, 13 Agosti

Dada wa Vikaratasi (jina nimempa mimi) ameuona mwandiko wangu. Nimepewa kazi! Nifuate kiti kimoja kila kinapokwenda, na kila kinachokipata nikiandike. Kikaratasi cha kijani kikifanyiwa kazi, cha njano kikisubiri. Nisitafute mwenye kosa. Nitazame kiti tu: sasa hivi kinafanya nini?

Nimechagua kiti kipya cha Kasuku. Kasuku ni rafiki yangu, tunakaa dawati moja, na jina hilo amelipata kihalali — mwalimu akimhamisha, anaongea na ukuta. Tangu azaliwe hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Kiti chake cha zamani kimeharibika, magurudumu hayazunguki. Muhula uliopita kaka yake alimbeba mgongoni mpaka shuleni, siku alizoweza. Sasa kaka amekwenda chuo, na mama yao mgongo wake ni mbovu. Mwalimu mkuu amesema amekosa masomo mengi mno. Asipokuwepo siku ile ile ya kufungua shule, tarehe moja Septemba, atarudia darasa.

Kurudia darasa! Kasuku, anayenifundisha hesabu mimi!

Alhamisi, 14 Agosti

Kiti kinalala kuliko paka.

Asubuhi kilikuwa koridoni. Njano. Nikarudi baada ya chai, bado koridoni. Njano. Fundi akanipungia mkono: "Mwandishi, tembea taratibu, usimwamshe mtoto."

Mchana Mama akakiingiza chumbani kwake na Kasuku akajaribishwa. Kipana mno kwenye nyonga. Kikarudishwa karakana, na Fundi akaanza kufungua bolti alizozifunga mwenyewe wiki jana. Alinung'unika kwamba angejua mtoto mwenyewe ni mwembamba hivi, asingehangaika na bomba lile. Kasuku akadakia kutoka mlangoni: "Si ungeniuliza, Fundi! Nyonga zangu siyo siri ya serikali."

Jioni kiti kikarudi koridoni. Mama amekwenda kutembelea wagonjwa majumbani. Njano.

Ijumaa, 15 Agosti

Natamani siku ya leo ifutwe.

Vikaratasi vyangu vimebandikwa ukutani, kutoka mlangoni hadi dirishani. Kijani hapa na pale. Halafu njano — njano — njano. Wote walisimama kusoma. Mimi nikadhani wanapendezwa na mwandiko! Kisha nikasoma kama walivyokuwa wakisoma wao.

Karibu kwenye kila cha njano nilikuwa nimeandika KUMSUBIRI MAMA. Kwa herufi kubwa, zilizonyooka vizuri.

Sikukusudia! Ni Mama tu. Mama yuko wapi, tunamsubiri Mama — nimeyasema maneno hayo tangu nilipojifunza kusema. Na pale ukutani yalikuwa kama mashtaka.

Fundi akakohoa, akasema jamani, hata yeye na mvi zake bado anamsubiri mama yake amwambie amekua. Watu wakacheka. Mama pia akacheka. Lakini nilimwona alivyolishika pindo la koti lake.

Dada wa Vikaratasi akabandua kimoja, akaniuliza: kiti kilipokuwa kinamsubiri Mama, kilitaka nini kwake? Kumwona sura? Nikasema hapana. Kilitaka mwenye kiti apimwe. Akasema basi niandike hivyo hivyo. Nikaandika upya, kimoja kimoja: KUSUBIRI KUPIMWA. Mama alitoka kabla sijamaliza.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama hasemi. Ameosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili, 17 Agosti

Amesema.

Tulikuwa tumemaliza kula. "Umenibandika ukutani, mwanangu." Nikaanza kulia. Akanivuta karibu, akasema nisilie, sikuandika uongo. Akaniambia kwamba kila akitaka kumwachia mtu mwingine kazi ile, anaona kidonda. Siyo kidonda chochote, ni vile alivyovisafisha mwenyewe wodini. Mwenye kidonda hakuwa akijua kama anacho, kwa sababu hapo hana hisia. Basi anasema, ngoja nimtazame mwenyewe huyu, na huyu pia, na huyu. Kumbe koridoni wanajaa.

Kisha akachukua vijiko akavipanga mezani. Hiki mlango. Hiki Fundi. Hiki kupima, huku mwisho kabisa. Akavitazama sana. Akakinyanyua kile cha mwisho, akakipeleka mwanzo, kabla ya Fundi.

"Hebu niambie. Ni fundi cherehani gani anashona nguo kwanza, halafu ndio anatafuta mwili?"

Tulicheka mpaka Mama akapaliwa. Mimi sikuweza kumsogeza Mama, na wala hasogezeki! Lakini kupima kunasogezeka. Tofauti ya neno tu. Nataka nimwambie Mwalimu wa Kiswahili.

Jumanne, 19 Agosti

Mama mwenyewe amelileta jambo hilo kikaoni. Watajaribu mpaka mwisho wa mwezi: mtu anapimwa siku anayofika, Fundi anatengeneza kwa vipimo vyake. Na Mama hatapima peke yake. Atamfundisha Fundi. Na mimi, kwa kuwa nipo tu!

Ameweka masharti. Kiti kikikamilika, bado kitatazamwa kabla hakijatoka, ila siyo lazima atazame yeye. Na yeyote atakayeona kasoro — awe mfagizi, awe mtoto — aseme simama, na kiti hakitoki. Hata mwenyekiti akasirike. Dada wa Vikaratasi alisema sharti hilo angeliomba mwenyewe kama Mama asingelitaja. Wakaangaliana wale wawili. Nadhani wamepatana.

Alhamisi, 21 Agosti

Mafunzo. Fundi amekalishwa kitini na mimi nikampima. Mama anafundisha mkono: unaupitisha chini ya paja, karibu na goti. Mkono ukibanwa kidogo, vizuri, paja linabeba uzito. Ukipita kama hewani, basi uzito wote umerudi nyuma, kwenye mifupa ya makalio, na hapo ndipo kidonda kinapoanzia.

Fundi akasema makalio yake hayajawahi kuzungumziwa kwa heshima namna hii.

Ijumaa, 22 Agosti

Tumempima Kasuku upya, na mabomba yote yatakatwa upya. Mama alikuwa kwenye simu. Fundi alisoma tepu, mimi nikaishika na kuandika. Kasuku hakunyamaza hata kidogo. Alikuwa akimwigiza mwalimu mkuu anavyotafuta miwani iliyo kichwani kwake, na tulicheka mpaka tepu ikaniponyoka. Siku nzuri.

Jumanne, 26 Agosti

Korido ni tupu! Nimesimama mwanzo nikauona mlango wa mwisho, kwa mara ya kwanza. Watu wanaingia, wanapimwa, wanapewa tarehe, na wakirudi kiti kinawakaa. Karibu wote. Mmoja alirudishwa, na Fundi akamrekebishia pale pale, maana ilikuwa bolti tu.

Leo Mama alikuwa nje mchana kutwa, na viti vikatoka. Aliporudi akauliza nani alitazama. Wakamwambia. Akavua koti, akakaa, akawa hajui afanye nini na mikono yake. Tumefika nyumbani jua bado lipo. Alisinzia kwenye kochi na viatu miguuni. Alipoamka akasema, "Hawakunihitaji leo." Alitabasamu, lakini upande mmoja.

Nikamwambia mimi nilimhitaji, chumvi sijui iko wapi. Akanirushia mto.

Jumamosi, 30 Agosti

Kiti cha Kasuku kimekamilika. Cha bluu! Fundi amekipaka rangi kwa mkono, na nyuma ameandika jina lake lote, siyo Kasuku. Amenikabidhi ufunguo wa karakana, akasema anakwenda kumwoza mdogo wake, mbali, mpaka Jumanne asitafutwe, simu ataizima ili acheze vizuri.

Kesho Kasuku anakuja kukichukua. Keshokutwa shule. Mama amesema kwa kuwa Fundi ndiye aliyepima, mimi nitatazama. Yeye atakaa pembeni.

"Nikikosea je?"

"Utakosea siku moja. Lakini unajua kutazama."

Jumapili, 31 Agosti

Naandika haya stoo, nimekaa juu ya boksi la matairi. Nimewaambia nakuja kutafuta spana. Spana iko mfukoni mwangu.

Kasuku amefika amevaa sare ya shule. Leo, Jumapili! Anasema anaizoesha. Tumemkalisha. Akajisukuma mara moja, mpaka dirishani, akageuka mwenyewe, akapiga kelele. Mama yake akalia. Mama akamshika mkono wakatoka wote kwenda kukaa nje kwenye benchi, na mlangoni akaniambia kimya kimya, haya, mtazame.

Mgongo, sawa. Nyonga, sawa kabisa, kama glavu. Kisha nikaona magoti. Yamepanda. Nikapitisha mkono chini ya paja.

Ukapita kama hewani.

Nikaurudisha. Nikaupitisha tena. Paja la pili. Vile vile.

Ni mto! Siku ile tulimpima akiwa ameukalia mto wake wa zamani, ule mnene, wa sponji iliyokwishaganda. Mama alisema mtu apimwe bila mto wake. Tulikuwa tunacheka. Tepu nilikuwa nimeishika mimi. Sasa mto mpya uliokuja na kiti ni mwembamba, amekaa chini zaidi, na pa kukanyagia pako juu mno. Nikalegeza bolti nipateremshe. Matundu ya kushushia yamekwisha. Lazima bomba litobolewe upya, na anayejua kutoboa anacheza ngoma harusini na simu ameizima.

Kasuku aliniona. "Nini?" Nikasema nakaza bolti. Akasema mbona nalegeza. Akasema, "Profesa, mimi hakiniumizi hata kidogo!" Ndiyo shida yenyewe. Hakiwezi kumuumiza. Angekaa juu ya msumari na angeendelea kuongea.

Siku mbili tu, nimejiambia. Jumatatu na Jumanne, kisha Fundi atatoboa. Kidonda kinaanza kwa muda gani? Mama anajua. Mama yuko hatua chache tu, kwenye benchi. Nikimwita, atakuja, atapitisha mkono wake, na atakayesema simama atakuwa yeye. Kasuku atamkasirikia yeye, siyo mimi. Sijawahi kutamani Mama aje kiasi hiki.

Na nikisema mimi? Labda mwalimu mkuu atasikiliza. Labda Mama atampigia. Labda tutambeba, mimi na nani sijui, zamu kwa zamu. Labda. Au darasa zima linasonga mbele na dawati langu lina nafasi pembeni.

Nje wale wawili wanaongea. Mama yake Kasuku anasema amenunua soksi mpya.

Kuna sauti ya matairi juu ya saruji. Yanakuja huku. Kizingiti cha stoo kimeinuka, hakuna mwenye kiti anayekivuka bila kusukumwa — yanagonga, yanarudi nyuma, yanagonga tena — amevuka!

Yuko mlangoni. Anahema. Ameitazama spana inayochungulia mfukoni mwangu, hajasema chochote. Kasuku, hajasema chochote! Sasa anasema: "Funga hilo daftari. Nitazame usoni kwanza, halafu ndio uniambie."