Kikasha cha Shaba cha Bi Ruth

Alhamisi, usiku.

Nilikuwa na hakika Bi Ruth angenifukuza. Mhariri hapendi tuwasomee watu habari zao kabla hazijachapishwa, lakini wazee mimi huwasomea. Kwa hiyo jioni nikapanda treni kwenda kwake Liverpool.

Babu wa babu yake alikuwa fundi wa vikasha vya sindano hapa Uingereza, enzi za Malkia Victoria. Kimoja kimebaki: cha shaba, umbo la mwavuli uliofungwa. Ukoo wote husimulia kwamba fundi alikufa tajiri. Mimi nimegundua alifia kwenye nyumba ya mafukara. Bi Ruth akikataa, basi, habari sina.

Nilimsomea yote bila kulainisha.

"Baba alijua," akasema. "Ndiyo maana alikuwa mkali tukimuuliza. Iandike, Zuhura. Umaskini si wizi."

Nikaomba kikasha nikakipige picha. Ujanani alifundisha Tanga, na Kiswahili chake hakijapata kutu. Akakifungua, akazimwaga sindano mezani.

"Mtu wa Tanga mzima wewe, jua limezama, unataka nikukabidhi sindano? Mama yako angesemaje?"

"Angenichapa, Bi Ruth."

"Haya, beba kikasha kitupu. Sindano uzifuate mchana, na uje na njaa."

Bado nina wasiwasi na nduguze wakisoma. Lakini nashukuru. Nilikwenda nikidhani hatataka kuniona tena, na kesho ananingoja kwa chakula.