Mfarishi Mwepesi wa Kupeleka Igawa

Jumanne, 2 Oktoba 1956

Barua ya Zuena imefika. Mwanangu anajifungua mwezi ujao — wa kwanza tangu Sefu. Anaomba mfarishi wa kumfunikia mtoto, wa kujazwa na kushonwa. Igawa jua ni kali, anasema, lakini alfajiri upepo wa mbugani unapenya. "Safari hii mwepesi, baba." Nilipofika hapo nikavua miwani.

Miguu imevimba tena. Daktari haniambii kitu, ananipigapiga begani tu. Nimekuwa karani wa mahakama miaka ishirini na saba. Namjua mtu anayeficha hukumu.

Alhamisi, 4 Oktoba

Bushiri fundi cherehani kaja na vijazo vitatu vya mfarishi: blanketi kuukuu, pamba, na sufi, ile inayotoka kwenye maganda ya msufi. Nikaviweka kimoja kimoja magotini, kiti kikiwa karibu kabisa na jiko, nilipate joto la Igawa. Bushiri akacheka — mzee anajioka! Lakini mfarishi ule wa kwanza, wa Sefu, niliupimia barazani, asubuhi ya baridi ya hapa Mbeya. Kila kitu kikaonekana chembamba. Nikamwambia Bushiri aongeze. Mablanketi mawili ya jeshi yaliingia ndani yake!

Pamba imekataliwa. Inakunywa jasho, halafu inalala juu ya mtu kama nguo iliyolowa. Sufi haishiki maji. Ila hukimbilia pembeni, kwa hiyo mishono iwe ya karibu, miraba midogo midogo.

Damari, jirani anayenipikia, hakupendezwa. Kwao milimani mtoto hafunikwi hewa, anasema. Bushiri akamjibu: "Mama, huu ukipigwa na upepo utafika Igawa kabla ya basi."

Nilicheka. Kisha kifua kikabana.

Jumamosi, 6 Oktoba

Niandike, maana hakuna atakayesoma.

Oktoba ya mwaka hamsini nilikuwa Igawa, mgeni wa Zuena na mumewe, Makame. Sefu alikuwa na miezi minane. Homa ikampanda. Zuena akauondoa mfarishi wangu, akawa anamfuta mtoto kwa kitambaa cha maji. Nikamkemea. Homa hutolewa kwa jasho! Ndivyo nilivyolelewa.

"Baba, anaungua."

Akauweka kando, akaenda kisimani. Mimi nikamfunika tena. Mpaka shingoni. Nikatoka kivulini kusoma gazeti.

Aliporudi, mtoto alikuwa kimya.

Matangani mama mkwe wake alisema mbele ya wanawake: mama gani anamzika mtoto ndani ya mablanketi kwenye jua lile? Zuena akaitazama mikono yake. "Nilidhani nimeuondoa." Nilikuwa mlangoni. Nilisikia.

Nikanyamaza.

Sijui kama ni homa ama ni mfarishi. Mungu anajua. Lakini nani aliyemfunika, najua mimi. Na miaka sita nimemwachia yeye aubebe.

Jumatatu, 8 Oktoba

Umekwisha. Bushiri alinirushia kutoka mlangoni, ukaja taratibu kama hautaki kutua.

Nimejaribu kuandika barua ya kuuambatisha. Karatasi nne, zote nimezichoma jikoni. Hukumu za watu wangapi nimeziandika kwa mwandiko safi — yangu haipiti mstari wa pili.

Halafu Damari kaleta habari za dereva wa basi: Zuena anakuja mwenyewe keshokutwa.

Jumatano, 10 Oktoba

Amekuja na basi la asubuhi. Tumbo kubwa, uso mwembamba. Shikamoo, kisha: "Baba, umekonda! Hawakulishi?" Damari akadakia kwamba chakula anakileta, mzee anadonoa kama kuku mgonjwa.

Akauchukua mfarishi, akauweka shavuni. Akacheka. "Huu ndio! Hata sisikii kama nimeshika kitu." Sijasikia kicheko hicho tangu mwaka hamsini. Nusura ninyamaze tena. Ingekuwa rahisi mno!

Damari alipotoka, nikasema.

"Zuena. Ule wa Sefu, mimi ndiye niliyeurudisha. Ulikuwa kisimani."

Hakulia. Akauliza polepole, "Nilikuwa nimeuondoa?"

"Uliuondoa."

"Nilikuwa nimeuondoa." Si kwangu alikuwa akisema. Kisha akanitazama. "Makame hajaniacha peke yangu na mtoto wa mtu mpaka leo. Hata wa ndugu yake. Ulijua, baba?"

"Nilijua."

Akauweka mfarishi kitandani, akaukunja vizuri, pembe kwa pembe. Akatoka uani.

Basi la kurudi ni saa nane. Lilipiga honi mara mbili. Damari akaenda kumwita, akarudi peke yake. Zuena amekaa juu ya jiwe la kufulia, ametugeuzia mgongo. Maji hakuyapokea.

Basi limekwenda.

Saa kumi. Namwona kupitia dirisha, bega moja tu. Kumwita siwezi — nitamwita nimwambie nini?

Saa kumi na moja. Bado yuko. Damari amechungulia mlangoni, kibaba cha mchele mkononi. Anauliza apike cha watu wangapi.

Nimemwambia asubiri kidogo, mpaka Zuena ainuke.